Kipindi cha redio cha maongezi matupu kila siku: kilipiwe na kodi yetu au kijitafutie?

Mleta mada

Wakuu habari za muda huu. Huku Pennsylvania ninakoishi watu wameibishania hii mpaka wamechoka, sasa nataka nisikie watu wa nyumbani mnasemaje, bila ushabiki wa Trump wala wa wanaompinga.

Kuna kipindi kinaitwa Fresh Air, kinatoka redio WHYY ya Philadelphia, siku zote za kazi, kama saa moja hivi. Hakuna kupiga simu kushinda vocha, hakuna watangazaji wanne wanachekana wenyewe kwa wenyewe. Ni mtangazaji na mgeni basi. Leo mgeni ni mtu kaandika kitabu cha magereza, kesho mcheza filamu, keshokutwa daktari wa ubongo au mpiga saksafoni. Mama mmoja anaitwa Terry Gross alikichukua mwaka 1975 kikiwa cha pale pale mjini, 1987 kikaanza kwenda nchi nzima kila siku kupitia NPR (mtandao wa redio za umma wa Marekani), na mpaka leo yupo, siku hizi anapokezana na Tonya Mosley.

Sasa hela. Mwaka 1967 Marekani walitunga sheria ya kuanzisha shirika linaitwa CPB, kazi yake kupokea hela ya serikali na kuzigawia redio na tv za umma ili mwanasiasa asiwe anampa mtangazaji bahasha mkononi. Ilikuwa kama dola milioni 535 kwa mwaka, ukigawa kwa Wamarekani wote haifiki dola mbili kwa kichwa. Julai 2025 Bunge likafuta dola bilioni 1.1, yaani za miaka miwili ambazo zilishapitishwa, Seneti 51 kwa 48, Wawakilishi 216 kwa 213, Trump akasaini. Agosti CPB wakatangaza wanafunga ofisi.

Wanaoshangilia wanasema podikasti zipo za bure kwaiyo nani anahitaji redio ya kodi. Mimi nasema hapana, na sababu yangu siyo ile ya "elimu kwa jamii" ambayo kila mtu anaiimba. Sababu yangu ni maandalizi. Saa moja ya maongezi ya maana inatokana na mtu kukaa kusoma kitabu chote, siyo jalada la nyuma, kuangalia filamu yenyewe, kusikiliza santuri za zamani za mgeni, halafu kuna maprodyuza nyuma yake wanachimba. Mahojiano mengi ya huyu mama mgeni hata hayupo naye chumba kimoja, yupo studio nyingine New York au Los Angeles, wanasikilizana masikioni tu, kwaiyo huwezi kuokolewa na tabasamu, ni swali lako tu ndo linafanya kazi. Na mgeni anaambiwa kabisa kabla, nikikuuliza kitu cha ndani sana niambie tupite (wanasiasa hiyo ofa hawapewi, na ndivyo inavyotakiwa). Baadae wanakata, wanapunguza, inatoka saa moja safi.

Niambieni ni tajiri gani wa redio ya biashara atamlipa mtu mshahara wa kusoma? Karibuni.

Fundi Tandika

Mkuu nimekusoma vizuri ila hujajibu swali lako mwenyewe. Kwanini mchomelea mageti wa Texas akatwe kodi ili mtu wa Philadelphia aongee na mpiga saksafoni? Anayetaka achangie. Mbona Joe Rogan wa podikasti anaongea na mgeni masaa matatu, hajaomba senti serikalini, na wasikilizaji anao kibao.

Msikilizaji wa Thika

Mimi niko upande wa mleta mada lakini pia nicheke kidogo. Hapa Kenya ukifungua redio saa moja asubuhi kwa matatu ni nani amefumaniwa, nani ameachwa, nani amekula pesa ya chama, na dereva ameongeza sauti. Watu wanapenda, wacha tuseme ukweli. Ukileta daktari wa ubongo saa hiyo abiria watasema badilisha stesheni. Kwani serikali italazimisha watu kusikiza?

Mleta mada

Fundi, Rogan naye namsikiliza, ila yale ni masaa matatu ya kupiga stori, mgeni akisema uongo dakika ya arobaini unapita hivyo hivyo maana hakuna aliyeandaa swali la kumrudisha. Na podikasti unaichagua mwenyewe. Redio inakukuta jikoni unakatakata vitunguu, inakuwekea mtu ambaye usingembonyeza hata siku moja. Mimi nisingetafuta kwa mkono wangu mazungumzo ya mzee Maurice Sendak, mchoraji wa vitabu vya watoto, alihojiwa Septemba 2011 kwa simu akiwa na miaka 83, anaongea habari ya kuzeeka na rafiki zake kufa na bado anaipenda dunia. Mei 2012 akafariki. Tafuteni mskie.

Thika, hakuna wa kulazimisha. Wa kufumaniwa wabaki na asubuhi yao.

Fundi Tandika

Sawa tuje kwenye upendeleo sasa maana umeuruka. Mwaka 2003 Bill O'Reilly, mtangazaji wa Fox, tv ya wahafidhina, aliingia kwenye hicho hicho kipindi kuongelea kitabu chake, maswali yakawa ya kumkaba mwanzo mpaka mwisho, akaondoka kabla mahojiano hayajaisha. Utasema O'Reilly ni mkorofi, kweli ni mkorofi, lakini mwamuzi wa malalamiko wa NPR wenyewe, mtu wao analipwa nao, alisema hakutendewa haki. Mwaka 2024 tena mhariri wao wa miaka mingi, Uri Berliner, akaandika makala kwamba ofisi nzima imeegemea upande mmoja wa siasa, akasimamishwa kazi, halafu akajiuzulu. Sasa wewe ukiwa mshabiki wa O'Reilly, unalipa kodi ya kukabwa wewe mwenyewe. Hapo unajibuje?

Mleta mada

Hilo la O'Reilly liko sawa, siwezi kulitetea, maana muda mfupi kabla yake alikuwa amehojiwa mchekeshaji Al Franken naye ana kitabu cha kumponda O'Reilly na yeye alipelekwa polepole. Lakini angalia kilichotokea, palikuwa na mtu ofisini ambaye kazi yake ni kupokea malalamiko ya msikilizaji na kusema hadharani "hapa tulikosea". Redio gani ya biashara Dar ina huyo mtu? Mimi sisemi NPR ni malaika, wamejaa watu wa mjini waliosoma shule zinazofanana. Ila dawa ya hilo ni kuajiri tofauti, siyo kuzima mitambo.

Na waliozimiwa siyo Philadelphia. NPR hela ya moja kwa moja ya serikali ilikuwa kama asilimia 1 ya bajeti yake, mjini watu wana hela, walipokatiwa wakachanga. Kuna redio inaitwa KYUK ipo Bethel, Alaska, huko hata barabara ya kufika hakuna unaenda kwa ndege, wanatangaza Kiingereza na Kiyup'ik, lugha ya wenyeji, karibu asilimia 70 ya mapato yao ilikuwa hiyo hela ya CPB. Wiki ile ile Seneti wanajadili kufuta, Julai 16, tetemeko la 7.3 likapiga pwani ya Alaska, onyo la tsunami likatoka, na redio hizo hizo ndo zinawaambia watu pandeni juu. Seneta wao Lisa Murkowski ni wa chama cha Trump na alipiga kura ya kukataa. Mchomelea mageti wako wa Texas yuko na wenzie huko pia.

Mzee wa Gerezani

Wanangu mmesahau kwamba sisi tulishalipiwa redio na serikali. RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, ilikuwa na Mazungumzo Baada ya Habari, sauti nzito, Kiswahili kilichonyooka, nyumba nzima mnanyamaza. Mimi mpaka leo naweza kuiga ile sauti. Lakini pale hapakuwa na mazungumzo, mtu alikuwa anasoma karatasi. Hakuna aliyeulizwa swali. Hela ilikuwepo, muda wa kujiandaa ulikuwepo, wataalamu walikuwepo, na wangeweza kumuweka waziri pale wakamuuliza kwanini mahindi yanaoza Sumbawanga na sisi tuko kwenye foleni ya unga. Hawakuthubutu. Sasa mleta mada hebu nieleze, ukiipa serikali bili ya hicho kipindi chako, nani atamuuliza anayelipa bili?

Msikilizaji wa Thika

Mzee amemaliza 😂

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Hili ndilo swali nililokuwa nalingoja.

Wamarekani walijaribu kulijibu hivi, hela ya CPB ilikuwa inapitishwa miaka miwili kabla, ili mbunge akikasirishwa na kipindi cha leo asiweze kukata hela ya kesho kwa hasira, na hiyo CPB haikuruhusiwa kutengeneza kipindi chochote, inagawa tu. Ukuta huo ukasimama, na CPB ikakaa miaka 58. Kwaiyo mtangazaji wa Philadelphia aliweza kumkalia Hillary Clinton kooni Juni 2014 kuhusu ndoa za jinsia moja, lini alibadili msimamo na kwanini, mpaka mama wa watu sauti ikabadilika. Huyo siyo wa upande wa Trump, Fundi.

Fundi Tandika

Na ukuta umeanguka kwa tofauti ya kura tatu. Miaka 58 halafu wiki moja kwisha. Umenisaidia hoja yangu mkuu. Hela ya serikali hata ukiifungia kwenye sefu la miaka miwili, mwenye ufunguo ni yeye yule. Afadhali wasikilizaji wachange, hata kama ni wa mjini.

Mama Kigoma

Mimi nasikiliza redio tangu nikiwa mdogo, baba alikuwa na redio ya mkulima ya betri. Machi 2025 VOA Kiswahili ikanyamaza kwa amri ya Trump huyo huyo, sisi huku mpakani ndo tulikuwa tunapata habari za Kongo kwa kina. Najua ile ilikuwa sauti ya Marekani kabisa hata jina linasema, siyo sawa na hicho kipindi. Lakini nauliza tu, za biashara zinafika huku? Zinafika zenye mziki.

Fundi Tandika

Mama hapo nakuelewa. Minara ya kijijini hata mimi sina neno serikali ijenge. Ila wasishike kipaza sauti.

Na msidhani binafsi ndo ziko salama, Machi 2017 mkuu wa mkoa wa Dar wa wakati ule aliingia Clouds usiku na askari wenye bunduki. Sitetei matajiri wa redio, natetea mfuko wangu.

Mleta mada

Basi tukubaliane minara. Twende kwenye mtangazaji. Napendekeza hivi, huo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote tulionao Tanzania umeshasaidia kupeleka mawimbi ya TBC sehemu zisizofikika, kwanini usitenge fungu la kipindi kimoja tu, saa moja kila siku, redio yoyote iombe, ya dini, ya jamii, ya chuo, mkataba wa miaka mitano usiovunjika katikati, na wa kusikiliza malalamiko anaajiriwa humo humo.

Fundi Tandika

Kabla ya mkataba nitajie mtangazaji mmoja hapa mjini anayesoma kitabu cha mgeni kabla mgeni hajafika. Mmoja tu.

Mleta mada

Wapo na uwezo wanao. Ila saa kumi na mbili asubuhi yuko hewani mpaka saa nne, mchana anarekodi tangazo la sabuni, jioni ana harusi Mbezi yeye ndo MC, Jumamosi kipaimara. Nipangie hapo asome saa ngapi.