Maembe yanaota ukungu kwenye kikaushio cha jua

Wakuu, nimejitengenezea boksi la kukaushia matunda kwa jua, juu nimeweka kioo ndani nimepaka rangi nyeusi, joto lipo la kutosha ila maembe siku ya pili bado yananata na katikati yameanza ukungu, nakosea wapi?

— Umetoboa matundu? Hewa iingie chini itokee juu, bila hivyo unayapika kwa mvuke tu mkuu.

— Na vipande vyako nahisi vinene. Kata milimita 5 hivi, usipange vikagusana, usiku ingiza ndani maana umande unarudisha unyevu wote.

— Yakikauka weka kwenye chupa ya kioo siku kadhaa, ukiona jasho ndani rudisha juani.

— Aisee matundu sikuweka hata moja 😂