Kumpeleka mama maji moto ya Bogoria, nijipange vipi?

Wa Nakuru:
Habari zenu. Mama ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Amesikia kanisani habari za maji moto ya Ziwa Bogoria, kule Baringo, sasa kila jioni ni hiyo hiyo. Gari langu ni dogo, la chini. Litafika? Na pale chemchemi mtu anaweza kuingia?

Mtoto wa Loboi:
Msalimie mama. Gari litafika. Pitia Mogotio, umpumzishe pale kwenye kibao cha ikweta, halafu ukate kulia kabla hujaingia Marigat. Usiegeshe karibu na mti wa mathenge, mwiba wake unatoboa tairi.

Kuingia chemchemi, hapana kabisa! Maji ya Loburu, penye chemchemi zenyewe, yanatokota kama ya ugali, yai linaiva humo. Ardhi ya pembeni inaonekana ngumu, kumbe ni ganda jeupe tu, chini yake matope ya moto. Tukiwa wadogo, ndugu yangu alilikanyaga, mguu ukazama hadi kifundoni. Tulipomvua soksi, ngozi ilitoka nayo. Hadi leo, nikifika pale, namshika mkono mtoto yeyote aliye karibu.

Bibi alikuwa akichota, anaacha yapoe kwenye beseni, ndipo anakanda magoti. Sisi Waendorois, wenyeji wa Bogoria, tulihamishwa huko miaka ya 1970 kupisha hifadhi. Mwaka 2010 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilituunga mkono, lakini bibi hakuishi kuisikia habari hiyo. Kwa hiyo mama akifika, asiyaone ni maji ya watalii tu. Kwa magoti yake, hoteli iliyo karibu na lango ina bwawa la maji vuguvugu ya chemchemi, humo ataingia bila hofu.

Dereva wa Kabarnet:
Nendeni alfajiri, saa sita jua la huko halina huruma. Na ziwa limepanda sana miaka hii, limemeza chemchemi kadhaa, nyingine sasa zinatokota ndani ya ziwa lenyewe. Picha za zamani zisikudanganye.

Wa Nakuru:
Asanteni sana. Mama anauliza kama anaweza kurudi na mtungi wa lita 5.

Mtoto wa Loboi:
Muulizeni askari langoni kabla hajachota. Akiruhusiwa, achotewe na mtu mwingine. Na asinawie uso, yana magadi, macho yatawasha.