MREJESHO: Impreza WRX ya 2001 kumisi na kuchemsha

Wakuu, jibu limepatikana: ni gasketi ya silinda hedi (kizibo bapa kati ya hedi na bloku ya injini), upande wa silinda namba 4.

Kwa mliokosa mwanzo: injini ya EJ20 turbo ilikuwa inamisi asubuhi kisha inatulia yenyewe. Mshale wa joto ulipanda kwenye mlima au turbo ikisukuma, lakini kwenye foleni hapana. Hapo ndipo penye siri. Feni ikifa, gari huchemsha likiwa limesimama. Likichemsha kwenye mzigo tu, shuku gesi ya mwako inayoingia kwenye maji.

Plagi na koili mpya hazikubadilisha kitu. Kipimo cha kompresheni nacho kilidanganya, silinda zote zilionekana nzima. Ushahidi ulitoka kwingine: mfumo wa maji ya kupoza ulijazwa presha bar 1.1 ukalala hivyo usiku, asubuhi plagi ya namba 4 ikatoka imelowa maji. Dawa ya buluu ya kupima gesi kwenye tangi la juu ikageuka njano, yaani gesi ya mwako imo kwenye maji.

Hedi zote mbili zimesawazishwa kwa mashine, gasketi za chuma za tabaka nyingi zimefungwa pande zote, na thamostati (vali ya kuongoza maji kulingana na joto) ni orijino. Thamostati fupi za bei rahisi hazifungi vizuri njia ya pembeni, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Kizibo cha tangi na cha rejeta visibadilishane nafasi. Jazeni maji polepole kupitia tangi, skrubu ya hewa ya rejeta ikiwa wazi, hadi mapovu yaishe.