Naomba ushauri: picha ya mama inabanduka rangi

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Nina picha ya rangi za mafuta kwenye turubai: mama akiwa na miaka 9 hivi, kakaa mkekani sebuleni kwetu Magomeni, ungo wa mchele mapajani. Picha nyingine ya utoto wake hatuna. Masika yaliyopita ukuta ulivuta maji; sasa nyuma kuna ukungu, na shavuni rangi inabanduka kama maganda ya kitunguu. Nimeitoa ukutani, nikapangusa vumbi kwa brashi laini, kavu, bila kugusa uso. Fundi fremu anasema niipake vanishi. Roho inasita.

Je, vanishi itashika vile vipande au itaviharibu zaidi? Na hapa Dar, nani anatengeneza picha kama hii bila kumchora mama upya?