Naomba ushauri: Njia ya Tokai, nianzie Takao au Nara?

Wakuu, habari za saa hizi. Nipo Japani kimasomo, na likizo ya mwezi wa 9 nataka kutembea kipande cha Njia ya Asili ya Tokai, ile inayotoka mlima Takao, Tokyo, hadi Minoh, Osaka. Yote ni kama kilomita 1,700. Hiyo nawaachia wenye miguu ya chuma. Mimi nina wiki moja.

Upande wa Takao unanivutia kwa sababu ya Fuji na msitu wa Aokigahara, ila milima ya Tanzawa ina dubu na ruba, na ruba ndio wananitisha zaidi (msinicheke). Upande wa Nara, karibu na Osaka, kuna barabara ya kale ya Yagyu iliyotandazwa mawe, na sanamu za Buddha zimechongwa kwenye miamba. Kuna pia njia ya kale ya Yamanobe, yenye mahekalu na makaburi ya wafalme wa kale. Moyo unaelekea huku.

Aliyepita: naruhusiwa kupiga hema popote, au lazima nyumba za wageni? Vibao vinasomeka kwa asiyejua kanji (herufi za Kijapani zenye asili ya China)? Na vimbunga vya mwezi huo, mnavikwepaje? Bajeti ni ya mwanafunzi.