Daktari kasema shida iko "ubongo mdogo", ina maana mtoto wangu ana ubongo mdogo?

babaNeema_Nkuhungu:
Wakuu habari za jioni. Niko Dodoma, Nkuhungu, naomba kuuliza maana usingizi sina wiki ya pili hii. Binti yetu alizaliwa njiti wiki ya 29, mama yake akambeba kifuani usiku na mchana wodini mpaka akafika kilo zinazotakiwa tukaruhusiwa. Sasa ana mwaka na miezi mitano hajatembea. Anakaa vizuri, anasimama akishika kochi, ila akinyoosha mkono kuchukua kikombe mkono unatetemeka halafu anakipita kikombe. Tumempeleka, daktari akafungua ile karatasi ya utrasaundi aliyopigwa utosini alipokuwa mchanga, akasema hapa palivia damu kidogo kwenye ubongo mdogo, akaandika rufaa ya mazoezi, mgonjwa mwingine akaingia. Mi nimetoka pale nimebeba neno moja tu, UBONGO MDOGO. Yaani ubongo wake ni mdogo kuliko wa wenzake? Shule hataweza? Mke wangu sijamwambia, nimemwambia daktari kasema tuvumilie. Mama mkwe nae ameshapata mtaalamu wake huko Bahi anataka tumpeleke. Mwenye uelewa anisaidie, matusi sitaki.

mzee_wa_komoni:
Pole sana mkuu. Ubongo mdogo ni ule wa kisogoni, ndo unaozima ukipiga komoni lita mbili pale Chang'ombe, mlango unaulenga vizuri kabisa unakuta umegonga ukuta. Sio habari ya akili ndogo. Mi niliambiwa na nesi baada ya ajali ya bodaboda, usiniulize zaidi ya hapo

dogo_mwaka_wa_4:
Mzee umetania ila ni kweli, pombe inaivuruga sana hiyo sehemu, ndo maana mlevi akiambiwa aguse pua yake anajichoma jicho.

Baba Neema mbukwa. Nasoma udaktari hapa UDOM, bado sijawa daktari kwahiyo chukua haya kama maelezo tu, matibabu ni ya yule aliyemshika mtoto. Ubongo mdogo ni JINA. Kama utumbo mdogo. Kila mtu ana utumbo mdogo hata bondia wa uzito wa juu, hakuna anayelia. Kwa kitaalamu inaitwa serebelamu na huko kwenye kilatini chao nako maana ni kaubongo, kwahiyo mkosaji ni aliyeipa jina. Inachukua kama asilimia 10 tu ya ujazo wa ubongo lakini humo ndani wamejazana nyuroni, yaani seli za fahamu, bilioni 69 kati ya bilioni 86 za ubongo wote, waliohesabu ni watafiti wa Brazil 2009.

Sasa kwanini njiti wanaguswa hapo. Hii sehemu inachelewa sana kumalizika. Kuna mwanasayansi wa Marekani anaitwa Mary Beth Hatten, yuko Rockefeller University New York, ametumia miaka na miaka kwenye swali ambalo ukilisikia unaona kama la mtoto: hivi viseli vidogo vya serebelamu vinajuaje pa kwenda? Maana vinazaliana juu kabisa, kwenye gamba la nje la serebelamu, halafu kituo chao cha kazi kiko chini ndani. Mwaka 1987 yeye na mwenzake Edmondson walivirekodi video vikiwa hai kwenye sahani ya maabara, seli za panya, unaona kiseli kimekumbatia uzi wa seli nyingine inaitwa glia kinatembea nao taratibu. Fikiria fundi anavyoshuka kisimani kwa kamba, ila huyu anashuka huku ameacha uzi wake mwenyewe kule juu, na ule uzi ndo baadae unakuwa waya wake wa mawasiliano. Kila nikiisoma hii nasimama kwanza. Maabara yake ikaja kuipata protini inayofanya kiseli kishike kamba, wakaiita astrotaktini.

Anayeviambia vizaliane ni seli kubwa za Purkinje zilizopangana chini yake, zinatuma protini inaitwa Sonic hedgehog, ndio, yule yule wa gemu. Na kazi yote hii inapamba moto miezi ya mwisho ya mimba, kuanzia wiki ya 24 hadi 40 serebelamu inaongezeka karibu mara 5. Njiti wa wiki 29 amehamishwa saiti zege bado linamwagwa, na vimishipa vya damu pale bado laini, ndo vinapasuka. Lakini mafundi hawajaondoka, lile gamba la nje linaendelea kushusha seli mpaka mwaka wa kwanza na kidogo zaidi baada ya kuzaliwa.

Mpwapwa_finest:
panya panya panya. mtu anauliza mtoto wake we unaleta video ya panya 1987

dogo_mwaka_wa_4:
Kaka mpangilio ni ule ule, kwa binadamu gamba lile lipo, kamba zipo, tofauti ni muda tu. Panya anamaliza kwa wiki kama tatu sisi tunaenda zaidi ya mwaka. Na ni kwa panya hao hao watu wakaelewa saratani ya medulobalastoma ya watoto, kuna aina yake ambayo ni viseli hivi vimegoma kushuka vinazaliana tu. BABA NEEMA HII HAIKUHUSU, usiende kugoogle usiku

mamapacha_Kisasa:
Baba Neema jamani pole, mi nina mapacha njiti wa wiki 31. Hivi kliniki hawakukwambia kuhesabu umri upya? Unatoa wiki alizowahi. 40 toa 29 ni wiki 11, kwahiyo mwanao kimahesabu ana miezi kumi na minne na nusu hivi. WHO wanasema watoto wazima wanaanza kutembea wenyewe kati ya miezi 8 na karibu 18, kwa kutembea bado hajachelewa kihivyo. Ila huo mkono unaopita kikombe usiuache, nenda kwenye hayo mazoezi hata kama nauli inauma, na nyumbani mchezeshe, mpe vitu vizito kidogo ashike. Wangu mmoja alitembea na miezi 19 mwingine 14, tumbo moja. Na mkeo mwambie leo leo, anakuona usiku unavyogeuka geuka kitandani, unadhani hajui?

dogo_mwaka_wa_4:
Mama umemaliza. Kuhusu shule sikuahidi kitu baba, inategemea damu ilivia wapi na kiasi gani. Ukirudi muulize ilikuwa katikati au pembeni. Katikati inashughulika zaidi na kiwiliwili kutulia, kukaa, kusimama. Pembeni ni mikono na miguu. Muulize pia kama anahitaji kipimo kingine.

babaNeema_Nkuhungu:
Nimewasoma wote. Nimemwambia. Kaniambia karatasi ya utrasaundi aliiona siku nyingi akaificha chini ya godoro mimi nisijue, alidhani hivyo hivyo ubongo mdogo. Tumekaa tunacheka na kulia kama wehu mtoto anatushangaa. Jumanne tunarudi wote wawili, nimeandika kwenye daftari: katikati au pembeni.