Barabara inayovuma na barabara kimya: ipi inashika tairi kwenye mvua?

Dereva wa Noah, Iringa:
Wakuu, habari. Kwenye ruti yangu kuna kipande kokoto zimetokeza, gari linavuma mpaka abiria wanaongea kwa kupaza sauti. Mbele yake kuna lami mpya, laini, kimya kabisa. Mwenzangu kijiweni anasema hiyo laini ndiyo hatari mvua ikinyesha. Ni kweli?

Fundi maabara ya barabara:
Mkuu, nusu ni kweli. Mvumo unakueleza habari za mabonde yaliyo kati ya kokoto tu. Kokoto kubwa zinagonga kashata, yaani vinundu vya uso wa tairi, na kulitikisa tairi, na hewa inabanwa chini yake kisha inafyatuka. Mabonde hayohayo ndiyo njia ya maji. Yasipokuwepo nawe uko kwenye 80, maji hukosa pa kutokea na tairi huelea.

Lakini kinachoushika mpira ni makali ya uso wa kokoto yenyewe, yale unayoyasikia ukipitisha kidole, madogo kuliko nusu milimita. Magari huyasugua mpaka jiwe ling'ae. Mawe ya chokaa huisha makali upesi kuliko granaiti. Kwa hiyo barabara inaweza kuvuma sana na bado ikateleza. Hili linaniumiza sana, maana madereva wanaiamini kwa kelele zake.

Mdau:
Mnapimaje?

Fundi maabara ya barabara:
Mabonde tunayapima kwa mchanga. Unamwaga mililita 25 za mchanga laini mkavu, unausambaza kwa duara mpaka ulingane na vichwa vya kokoto, unapima kipenyo. Duara la sentimita 15 maana yake kina cha kama milimita 1.4, likifika 20, ni 0.8 tu. Makali tunayapima kwa mkono wenye kipande cha mpira unaobembea na kukwaruza lami iliyolowa.

Dereva wa Noah, Iringa:
Sasa pale kwenye lami mpya nifanyeje?

Fundi maabara ya barabara:
Mwenzako ana hoja hapo. Lami ikiwa mpya, kokoto bado zimefunikwa na utando wa lami, makali hayajatoka. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Na usipite pale na tairi kipara: mabonde ya barabara yakiwa haba, maji yanategemea mifereji ya tairi lako. Baadaye ukiona njia za magurudumu zimekuwa nyeusi na zinang'aa, lami imepanda juu ya kokoto. Hapo ogopa zaidi, hasa mvua ya kwanza baada ya kiangazi, vumbi na mafuta vikichanganyika na maji.